Lori Letu la Kwanza: Jinsi Lilivyotayarishwa kwa Safari ya Kurudi Nyumbani

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi)



Tumeombwa na Bodi tuseme maneno machache juu ya miaka kumi ya chama chetu. Wenzetu wamekwisha kuzisoma hesabu za kahawa na za fedha, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tumechagua habari ya lori letu la kwanza. Hakuna mwanachama asiyelijua lori lile, lakini habari ya jinsi lilivyotoka Dar es Salaam hata likafika huku kwetu Umatengo haijapata kusimuliwa hadharani kwa ukamilifu, kwa kuwa sehemu yake moja ni kosa letu sisi tuliotumwa. Twaona ni heri iandikwe katika kitabu hiki, ili watakaotumwa kununua lori la pili waisome kabla ya kuondoka.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2019, chama kikuu kikiwa na umri wa miaka minne. Kila msimu tulikuwa tukikodi malori ya watu, na nauli ikila sehemu ya bei ya kahawa ya mkulima. Ndipo wanachama mkakubali kukatwa fedha kidogo kwa kila kilo, misimu miwili mfululizo, hata ikapatikana fedha ya kununua lori lililokwisha kutumika, la magurudumu sita. Tukatumwa watu watatu: mzee mmoja mjumbe wa Bodi, dereva wetu, na Katibu.

Ndugu wanachama, kosa letu ni hili. Lori tulilitazama uwanjani kwa muda wa saa moja tu. Rangi yake ilikuwa mpya, injini iliwaka mara moja, na muuzaji akatuambia kwamba limekwisha kukaguliwa, kazi yetu ni kutia mafuta na kwenda zetu. Tukatia sahihi hati isemayo kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Fundi hatukuwa naye. Tulifanya kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kumtazama ngozi.

Jioni ile mzee wetu alitaka tuondoke alfajiri. Hakuwa na ubaya. Huko nyumbani buni za kwanza zilikuwa zimeanza kuiva, na matangi ya kuoshea kahawa katika vyama vinne yalikuwa yanavuja, yakingoja saruji tuliyoagizwa tuilete. Nanyi mwajua ya kuwa kahawa mbivu iliyochumwa leo sharti imenywe leo, ikilala, imeharibika. Lakini dereva wetu alikataa. Alisema kwa adabu, "Mzee wangu, nisamehe. Gari hili silijui, nalo halinijui. Safari yetu ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mbele yetu kuna Kitonga na Lukumburu. Nipeni siku tatu na fundi. Nikishalijua, nitawafikisha." Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe utakayeshika usukani."

Siku ya kwanza tulianza na karatasi, maana karatasi hazina gharama ya vipuri. Tulisoma namba ya chesesi na namba ya injini katika chuma chenyewe, tukazilinganisha na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Zilipatana. Tukashughulikia uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato, na bima kwa jina la chama kikuu, wala si kwa jina la mtu yeyote. Jambo hili twalisisitiza: mali ya wengi isiandikwe jina la mmoja, hata akiwa mwaminifu namna gani.

Kisha tukalipeleka lori kwa fundi huko Gerezani, tukamwomba alitendee kana kwamba halijapata kukaguliwa na mtu yeyote. Akamwaga oili ya injini, ambayo ilikuwa nyeusi kama lami, akatia mpya pamoja na chujio jipya. Akafungua oili ya giaboksi na ya difu. Akafungua chini ya tangi la dizeli, yakatoka maji na taka. Kwa hiyo machujio ya dizeli yakabadilishwa yote, na upepo ukatolewa katika mabomba kwa pampu ya mkono, maana injini ya dizeli ikivuta upepo huzima njiani. Katika rejeta yalitoka maji mekundu ya kutu. Yakasafishwa hata yakatoka meupe, na mipira miwili ya maji, iliyokuwa laini kama embe bivu, ikatupwa. Mkanda wa feni ulikuwa na nyufa. Tukanunua miwili, mmoja wa kufunga na mmoja wa akiba.

Siku ya pili ilikuwa ya magurudumu na breki. Fundi alituonyesha jambo ambalo kila mwanachama mwenye gari, hata pikipiki, yafaa alijue. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi mbili za mbele za lori letu zilikuwa na meno mazuri, lakini tarakimu zake zilisema 1408, yaani juma la 14 la mwaka 2008. Zilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ubavuni zilikuwa na nyufa ndogo ndogo. Tairi ya mbele ikipasuka, usukani humponyoka dereva. Tukanunua mbili mpya kwa ajili ya mbele, na iliyo nzima kuliko nyingine zote tukaiweka kuwa ya akiba.

Sasa twafika kwenye breki. Breki za lori kama lile huendeshwa kwa upepo unaojazwa na injini katika matangi. Fundi aliacha injini ijaze upepo, akaizima, akatuambia tuitazame sindano ya geji bila kusema neno. Sindano ikashuka mbele ya macho yetu. Akapaka povu la sabuni katika viungo vya mabomba, na pale povu lilipochemka ndipo palipokuwa pakivuja. Hilo lilitengenezwa upesi. Lakini alipofungua magurudumu ya nyuma, upande wa kushoto, tuliona jambo lililotunyamazisha sote. Sili ya ndani ilikuwa imekufa, na mafuta ya ekseli yalikuwa yameingia katika dramu, yakailowesha bitana ya breki yote. Bitana iliyolowa mafuta haishiki. Upande wa kulia nao ulikuwa umelika hata ribiti zake zikaanza kukwaruza dramu. Kwa neno moja, lori tulilotaka kuondoka nalo alfajiri ya jana yake lilikuwa halina breki za nyuma za kuaminika.

Mzee wetu alikishika kile kipande kwa vidole viwili, mafuta yakamchuruzika mkononi, akamwambia dereva, "Mwanangu, jana ningewaua."

Gharama ya kazi ile ilizidi fedha tuliyopewa. Katibu hana mamlaka ya kutumia fedha isiyoidhinishwa, na hapo ndipo tulipojaribiwa. Maana fedha ya saruji tulikuwa nayo mfukoni, na ingekuwa rahisi kuitumia na kueleza baadaye. Tulimpigia simu Mwenyekiti usiku ule ule, tukamweleza yote, pamoja na kosa letu la kutia sahihi kabla ya kukagua. Alikasirika, na alikuwa na haki. Asubuhi aliita wajumbe waliokuwa karibu hata akidi ikatimia, wakaandika muhtasari, wakaruhusu. Mjumbe mmoja aliuliza kwa ukali, "Je, tumenunua lori au tumenunua ugonjwa?" Neno hilo liko katika kumbukumbu za Bodi, nasi hatukuomba lifutwe.

Siku ya tatu breki zilimalizika. Grisi ikatiwa katika viungo vyote, springi zikakazwa, betri mbili zikapimwa, na taa zote zikawaka. Tukanunua jeki, kabari mbili za kuzuia magurudumu, pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la dawa na turubai. Kisha dereva akalijaribu lori likiwa tupu, akikanyaga breki pole pole na kwa nguvu, hata aliporidhika kwamba halivuti upande.

Likabaki swali la mzigo. Tuliagizwa mifuko 200 ya saruji, yaani tani 10, pamoja na magunia na nyavu za vichanja. Lori likiwa tupu lilikuwa na uzito wa karibu tani saba na nusu. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo ilianza kutumika katika nchi yetu mwezi wa Machi mwaka ule ule wa 2019, huruhusu lori la ekseli mbili kuwa na tani 18 kwa jumla, na ekseli ya nyuma yenye magurudumu manne isizidi tani 10. Kwa hesabu hiyo saruji yote pamoja na vitu vingine ingetufikisha ukingoni kabisa mwa jumla, na ekseli ya nyuma ingezidi. Zaidi ya hayo dereva alisema kwamba breki mpya hazipewi mzigo kamili siku ya kwanza, sharti zizoee dramu. Tukapakia mifuko 100 tu.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya nne. Katika mizani ya Vigwaza uzito ulizidi kidogo tani 13, tukapita bila neno. Tulipofika Chalinze, baada ya kilomita 100 hivi, dereva alisimama akazikaza upya nati za magurudumu yote, maana gurudumu lililofunguliwa huweza kulegea likisha kwenda kidogo. Nati tatu zilizunguka. Mzee alizihesabu, tukaziandika.

Hatukusafiri usiku. Hifadhi ya Mikumi tuliipita mchana, kwa mwendo wa pole. Kitonga tuliipanda asubuhi kungali na baridi, kwa gia ndogo, huku Katibu akiitazama sindano ya joto kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa. Ilipanda, ikasimama, haikufika penye wekundu. Tukapita Iringa, Makambako na Njombe. Lukumburu tuliishuka kwa gia ndogo, injini ikilizuia lori, na breki zikiguswa tu penye kona. Chini ya mteremko tulisimama, dereva akasogeza kiganja karibu na kila dramu. Joto lilikuwa sawa pande zote. Jioni ya siku ya nne ya safari tuliingia nyumbani, na wengi wenu mlikuwapo mkiimba.

Lakini si wote walioimba. Mifuko 100 ilitosha matangi ya vyama viwili. Vyama vingine viwili vilingoja majuma mawili, hata tukanunua saruji iliyobaki Songea kwa bei ya juu zaidi, na muda wote huo wanachama wake walibeba buni vichwani kupeleka kwa jirani. Mama mmoja alikuja ofisini akauliza, "Mwanangu Katibu, lori nimechangia, mbona tangi letu kavu?" Hatukuwa na jibu la kumpendeza. Tulimwonyesha ile bitana ya breki, tukamweleza mahali pa kila shilingi. Aliitazama sana, akasema, "Ningependa mngeitazama kabla ya kulipa." Kisha akaenda zake. Mama yule alisema kweli, na katika miaka yote hii hatujasikia hukumu iliyo ya haki kuliko ile.

Kutokana na neno lake Bodi iliweka kanuni tatu, ambazo zingali zikifuatwa. Kwanza, hakinunuliwi chombo kilichotumika bila fundi wetu wenyewe kukifungua kabla ya sahihi. Pili, katika fedha ya kununulia hutengwa fungu la matayarisho, nalo huidhinishwa mapema, ili asiwepo mtu wa kujaribiwa kuchota fungu lingine. Tatu, kila gari lina daftari lake, na humo huandikwa oili, tairi, nati na kilomita. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la lori lile ukurasa wake wa kwanza ni wa Gerezani, na wa pili ni zile nati tatu za Chalinze.

Ndugu wanachama, twawashukuru kwa uvumilivu wenu wakati ule na leo. Twamshukuru dereva wetu, ambaye alithubutu kumkatalia mzee, na twamshukuru mzee wetu, ambaye alikubali kukataliwa na kijana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Bitana ile ya breki bado iko ofisini, juu ya kabati la majalada, na mwanachama yeyote aruhusiwa kuja kuitazama siku yoyote ya kazi.