Gari la Mama Kamadchi: Taarifa ya Shangazi kwa Ukoo



Mwenyekiti ameniomba niweke katika maandishi yale niliyokwisha kuwaeleza wazee wachache kwa mdomo, ili yaingie katika kijitabu chetu, na wale ambao safari hii hawakujaliwa kufika Brussels wayasome bila kutiwa chumvi na wasimuliaji. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa wanaonijua watacheka kusikia hivyo.

Jambo lenyewe si geni kwenu. Binti wa kaka yangu, aliyezaliwa Ixelles na kubatizwa huko huko, ameposwa na kijana wa Kitamil ambaye wazazi wake walitoka Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka. Barua ya posa ilifika mwezi wa tatu, nasi hatujaijibu. Wako waliosema kwamba haiwezekani, kwa kuwa watu wale huabudu masanamu. Wako waliosema kwamba binti ni mtu mzima, na kwamba komuni haimwiti shangazi kuuliza maoni yake. Ni kweli, sheria ya nchi hii hutaka ndoa ya serikali itangulie yoyote ya dini, na hiyo ya serikali wanaweza kuifunga bila sisi. Lakini aliyeleta barua hakuipeleka komuni. Ameileta kwetu. Ndipo mkutano wa Pasaka ukaamua kwamba shangazi aende akawatazame watu hao katika siku yao kubwa ya mwaka, ambayo ni siku ya kuvuta gari la mungu wao.

Basi nilikwenda. Tulitoka Brussels kabla ya alfajiri, magari mawili, familia ya kijana na mimi na binti yetu, tukapita Liège, Aachen na Köln hadi mji wa Hamm, Ujerumani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Watamil wa Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Uswisi huifunga kila mwaka kati ya mwezi wa tano na wa sita, na hiyo peke yake ilinifundisha kitu: sisi hapa tunanung'unika kutoka Antwerp kuja kwenye mkutano huu.

Hekalu la Sri Kamadchi Ampal liko Uentrop, pembeni ya mji wa Hamm, katika eneo la viwanda. Usitazamie kilima wala mto mtakatifu. Unapita maghala na malori, mara unaona mnara wa mita 17 uliojaa sanamu za rangi zote, kana kwamba umeshushwa usiku kutoka Kusini mwa India. Nalo halikushushwa. Baada ya ghasia za mwezi wa saba mwaka 1983, Watamil walikimbia Sri Lanka kwa maelfu, na vita vile havikwisha ila mwezi wa tano mwaka 2009. Kuhani aliyeanzisha hekalu alifika Ujerumani katikati ya miaka ya 1980, mkimbizi kama wengine. Ibada ilianzia katika chumba cha chini ya nyumba. Gari lilianza kutembezwa mitaani mwa Hamm katika miaka ya 1990, wageni wakazidi kila mwaka hata mtaa wa makazi usiwatoshe. Ndipo kikatafutwa kiwanja pale viwandani, wakaletwa mafundi wa kuchonga kutoka India, na hekalu likafunguliwa mwaka 2002. Leo siku ya gari huleta watu zaidi ya 10,000.

Mungu mwenyewe ni wa kike. Jina lake hufasiriwa kuwa ni yule mwenye macho ya upendo. Makao yake ya asili ni Kanchipuram, katika nchi ya Watamil wa India, na katika sanamu yake ameshika muwa mkononi. Nilipouona ule muwa nilicheka peke yangu, nikakumbuka jinsi tulivyogombania vipande vya muwa uani kwa bibi, Ujiji.

Sasa nieleze nilichokiona.

Wanaume walivua mashati, wakabaki na nguo nyeupe zilizofungwa kiunoni kama kikoi. Wanawake walikuwa katika hariri, na nywele zao zimesukwa maua ya asumini. Mashangazi wa pwani, ningetamani mngekuwapo: ile harufu ilikuwa ya arusi zetu. Kulikuwa na udi, kulikuwa na kafuri inayowaka, kulikuwa na unga wa msandali uliolowekwa maji, ambao sisi tunauita liwa na kuupaka usoni. Ngoma zilikuwa zikilia pamoja na zumari ndefu kuliko zetu, lakini zumari ni zumari, haina lugha. Na yale majani waliyotandika kwenye sinia pamoja na popoo ni tambuu ile ile ambayo bibi zetu hawakukubali posa bila hiyo. Neno gari lenyewe, ndugu zangu, tumelipata kwa Wahindi, pamoja na chapati na dobi. Kwa hiyo anayesema watu hawa ni wa kigeni kabisa kwetu, kwanza ataje hicho alichokuja nacho kwa neno lisilokuwa lao.

Gari ni la mti, refu kama nyumba, limepambwa kwa vitambaa na maua, na sanamu ya mungu imeketi juu pamoja na makuhani. Halina injini wala mnyama. Kamba nene zimefungwa mbele, nazo huvutwa na watu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Mbele ya gari wanaume huviringika chini kwenye lami wakiwa wameshika nazi, kutimiza nadhiri. Wengine huchukua mabegani upinde wa mti wenye manyoya ya tausi, na kati yao wako waliochomwa kulabu mgongoni. Wanawake huchukua vyungu vya moto. Nazi huvunjwa kwa mamia njiani, hata maji yake yakatiririka kama mvua imepita.

Sitawaficha: zile kulabu zilinitia baridi. Nilimgeuza binti yetu asitazame, naye akaniambia kwa upole kwamba amekwisha kuona mara tatu. Nilimwuliza kijana kama naye atafanya hivyo. Alinijibu kwamba ni nadhiri ya mtu binafsi, hailazimishwi, na kwamba yeye huvuta kamba tu. Nimelileta jibu lake kama lilivyo. Asiyeridhika nalo amwulize mwenyewe, maana atakuwapo.

Katika ukoo wetu kuna mtu, simtaji, aliyeeneza maneno kwamba watu hujitupa chini ya magurudumu wafe. Habari hiyo ni ya zamani sana, na haikutoka Hamm. Ilitoka kwa wasafiri wa Kizungu waliokwenda India tangu karne ya 14, wakasimulia habari za magari ya miungu, hasa yale ya Puri, katika jimbo la Odisha, hata Waingereza wakaligeuza jina la mungu wa huko, Jagannath, kuwa neno la kitu kizito kisichozuilika. Afadhali mngesikia habari ya Puri yenyewe. Huko hutoka magari matatu, yanayoundwa upya kila mwaka: la Jagannath lenye magurudumu 16, la kaka yake lenye 14, na la dada yao lenye 12. Ndugu watatu hao hutoka hekaluni mwao, huenda kukaa katika hekalu lingine umbali wa kilomita kama tatu, na katika kurudi husimama kwa mama yao mdogo wakapewa kitafunio. Asiyekuwa Mhindu haruhusiwi kuingia katika hekalu la Puri. Lakini siku hiyo mungu hutoka nje, na yeyote aliye njiani humwona. Mimi nimeipenda habari hii kwa sababu ya mama mdogo. Hata miungu yao ikisafiri, inapita kwa jamaa.

Kuhusu masanamu, nawakumbusha wakazi wa mji huu jambo lililo chini ya pua zetu. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa sita au mwanzo wa mwezi wa saba, Brussels hufanya Ommegang, maana yake mzunguko. Tunawapeleka watoto Grand-Place kutazama farasi na bendera. Asili yake ni sanamu. Kwa mapokeo ya mji, mwaka 1348 mwanamke mmoja aliileta kwa mashua sanamu ya Bikira Maria kutoka Antwerp, ikawekwa katika kanisa la Sablon, na kila mwaka ikazungushwa mjini kwa maandamano. Mwaka 1549 maandamano hayo yalifanywa mbele ya Kaisari Charles wa Tano, na ndiyo yanayoigizwa leo. Ndugu zangu Wakatoliki, sisemi kwamba mambo haya ni mamoja. Najua mtaniambia kwamba kuheshimu siyo kuabudu, nami sibishani. Nasema tu kwamba Watamil nao wana maelezo yao, na kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuwauliza.

Mimi ni Mwislamu na nimebaki vile vile. Adhuhuri ilipoingia nilitandika mkeka nyuma ya maegesho ya magari nikaswali, na baba yake kijana alisimama mbali kidogo akiwazuia watoto wasinipite mbele. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Walipopitisha majivu ya kupaka pajini niliomba radhi, na mama yake kijana akanishika mkono badala yake. Chakula kiligawiwa bure kwa wote, wali na dengu na mboga, bila nyama. Nilikula kile kilichopikwa jikoni, na kilichotolewa mbele ya sanamu nilikiacha. Hukumu ya dini waulizeni wenye elimu. Mimi nilitumwa kutazama watu.

Mazungumzo yenyewe tuliyafanya alasiri, gari lilipokuwa limerudi, tumeketi juu ya ukingo wa barabara. Mama yule anasema Kifaransa cha sokoni, nami changu mnakijua, kwa hiyo tulielewana. Alinieleza kwamba katika mji wao wa Jaffna, kwenye hekalu la Nallur, sherehe huchukua siku 25 kila mwezi wa nane, na gari hutoka siku ya 24. Alikimbia akiwa msichana. Kwa miaka mingi ya vita barabara ya kwenda Jaffna ilifungwa, na aliamini kwamba hataliona tena gari lolote maishani mwake. Mara ya kwanza alipoliona hili la Hamm likitoka langoni, alishika kamba asiweze kuvuta, akawa analia tu. Nilimweleza nami habari ya kuondoka kwetu Bukavu mwaka 1996. Hatukulinganisha nani ameumia zaidi.

Kisha nikamwuliza waziwazi habari ya matabaka, maana nimesoma kwamba Wahindu hawaozani ovyo. Hakukasirika. Alisema kwamba babu yake kijana angekataa, na kwamba mjomba wake mmoja, anayeishi Ujerumani, amekataa na hatakuja. "Wewe je," akaniuliza, "kwenu amekataa nani?" Nikamwambia: wanne. Tukacheka mpaka watu wakageuka.

Mwishowe aliniuliza swali ambalo ndilo hasa ninaloliweka mbele ya mkutano huu. Alisema: "Mtoto wenu akiwa kwetu, mtakuja nyumbani, au mtampigia simu tu?"

Sikumjibu, kwa sababu sikutumwa kujibu. Nyinyi ndio wa kujibu. Lakini maoni yangu nitayatoa, kwa kuwa shangazi asiye na maoni ni mgeni tu. Mimi naona barua ijibiwe, na ijibiwe kwa kukubali, kwa masharti mawili ambayo vijana wenyewe wameyaafiki mbele yangu: binti abaki na dini yake bila kusumbuliwa, na watoto watakaozaliwa waletwe katika mikutano hii na wafundishwe Kiswahili. Sharti la pili, kusema kweli, ni gumu kuliko la kwanza. Wajukuu wetu wenyewe waliopo ukumbini sasa hivi wanasubiri mtu awatafsirie, na hakuna Mtamil aliyetukataza kuwafundisha. Pale Hamm niliwaona watoto waliozaliwa Dortmund na Brussels wakiitikia nyimbo kwa Kitamil, wameshika kamba.

Wanne waliokataa nawaheshimu. Mmoja wao ni kaka yangu mkubwa, na bila yeye hakuna wa kuitika kwa niaba ya ukoo. Kaka, nimekuja nyumbani kwako mara mbili na hukunifungulia. Nitakuja mara ya tatu kesho baada ya swala ya alfajiri, na nitaketi ngazini.

Wazazi wa kijana watafika Jumapili saa tisa mchana, hapa hapa ukumbini, watu kumi na wawili. Chakula cha siku hiyo hakitakuwa na nyama wala samaki. Tumenunua sufuria mpya tatu ambazo hazijapikiwa kitu, na naomba zisiguswe kwa pilau ya leo. Nazi zipo, dengu zipo, tambuu italetwa kutoka Matonge. Wanaotaka kusaidia jikoni wamwone mtunza hazina wakati wa mapumziko.