Nyundo za Kamukunji na gharama ya masikio

Ukipita Kamukunji, Nairobi, pale wanapogonga masanduku ya bati, majiko na sufuria, utawaona mafundi wakizungumza kwa mikono. Mteja akitaja vipimo, fundi mzee, ambaye nyundo zimemharibia masikio, humgeukia kijana wake: amesemaje? Akikosea inchi mbili, bati limeharibika, na hasara ni yake.

Hasara ya namna hiyo haiingii kwenye daftari lolote. Lakini zikijumlishwa za dunia nzima, Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa tatizo la kusikia lisiloshughulikiwa hugharimu karibu dola bilioni 980 kila mwaka. Humo mna matibabu, mna elimu, mna kazi zilizopotea, na pia bei ya mtu kutengwa na wenzake. Karibu wanane kati ya kila kumi walioathirika vibaya wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini inamtazama mwajiri na mwajiriwa. Sasa huyu fundi wa jua kali, asiye na bosi, atamdai nani? Kifaa cha kumsaidia kusikia ni makumi ya maelfu ya shilingi, betri mbali. Na chembe za sikio zikishauawa na kelele hazioti tena. Serikali ya kaunti, ambayo haichelewi kudai ada za leseni, ingeanza na vizibo vya masikio na kuwapima mafundi usikivu palepale karakana zilipo.