TOVUTI YETU ISIMFUNGIE MTU NJE

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mowlem, Nairobi



Leo tuzungumze juu ya tovuti. Vikundi vyetu vinataka kujitangaza kwenye intaneti ili sabuni, vikapu na nguo tunazoshona zipate wanunuzi hata nje ya Embakasi. Hilo ni jambo jema. Lakini kabla hatujamlipa kijana wa saiba, tujiulize maswali mawili. Je, mwenzetu asiyeona ataweza kuisoma? Na je, mtambo wa kutafuta kama Google utaielewa?

Maswali haya ni ndugu. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Simu nyingi za Android huja nayo, inaitwa TalkBack. Ikikutana na picha isiyo na maelezo, mara nyingi haina la maana la kumwambia. Google nayo hutuma programu yake ipitie kurasa, ikisoma maandishi, vichwa, viungo na maelezo ya picha, ili ijue ukurasa unahusu nini.

Tuchukue mfano. Kikundi kinapiga picha bango la sabuni, lenye bei na nambari ya simu, kinaliweka kwenye tovuti bila neno lingine. Asiyeona hapati kitu. Anayetafuta "sabuni ya maji Mowlem" naye huenda asitupate. Tukiandika maneno yale yale kwa herufi za kawaida, tumewafungulia mlango wote wawili.

Viwango vya kazi hii vipo. Shirika la kimataifa la W3C lilitoa mwongozo wa kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka 2023. Mwongozo wataka mambo manne: tovuti itambulikane kwa macho au masikio, itumike, ieleweke, na ifanye kazi na vifaa mbalimbali. Hapa kwetu, Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango chake, KS 2952, cha mwaka 2022. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama 900,000 wenye ulemavu. Hao ni majirani zetu, na ni wateja pia.

Sasa, wako mafundi watakaosema, "Fuateni viwango, Google itawaweka wa kwanza." Tusidanganyike. Google haigawi nafasi ya kwanza kwa sababu tu tovuti imetimiza kiwango. Hutazama kama ukurasa unamjibu anayetafuta, na pia kama unatumika vizuri kwenye simu. Baadhi ya kazi, kama maelezo ya picha na vichwa vilivyo wazi, husaidia pande zote mbili. Nyingine, kama rangi zinazosomeka na mwenye macho hafifu, huenda zisituongezee nafasi hata moja kwenye Google. Hata hivyo tuzifanye, maana mtu ni mtu hata kama Google haimhesabu.

Mwambieni fundi hivi:

1. Kila picha ya maana iwe na maelezo mafupi: "Vikapu vitatu vya mkonge, vyekundu na vyeupe."
2. Bei, simu na mahali tulipo viwe maandishi, si picha.
3. Kila ukurasa uwe na jina lake, na vichwa viwekwe kwa mpangilio.
4. Kiungo kiseme kinakokwenda. "Bonyeza hapa" haitoshi. Andika "Orodha ya bei".
5. Maandishi yawe meusi ya kutosha juu ya rangi nyeupe, si kijivu hafifu.
6. Video iwe na maandishi chini, kwa ajili ya wasiosikia.
7. Tovuti iwe nyepesi, ifunguke bila kumaliza bando ya mtu.

Mwisho, msimalizie fundi pesa yake mapema. Mwombeni mwanakikundi au jirani asiyeona, aliyezoea TalkBack, atafute bei ya sabuni na nambari ya simu kwenye tovuti yenu. Nyinyi kaeni kimya, msimwelekeze. Akivipata, mpeni fundi haki yake. Akishindwa, basi kazi bado haijaisha.