Mwenye Shanta Naye ni Mtalii

Leo tuzungumzie safari. Siyo safari ya msiba wala ya harusi, wala ile ya semina yenye posho. Nazungumzia safari ya mtu aliyeamua tu kwenda kutazama mahali, shanta mgongoni, na mfukoni fedha za kula, kulala na nauli ya kurudi.

Kwetu safari ya namna hiyo haijapata hata jina. Mtu akishuka stendi ya Musoma akasema amekuja kutembea tu, mwenyeji humtazama mara mbili. Una ndugu hapa? Hapana. Umekuja kwa biashara? Hapana. Basi umehamishiwa kazi? Akijibu hapana mara ya tatu, mwenyeji ama humwonea huruma, ama huanza kumshuku.

Tuanze na Bunda. Mji huu uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari, na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali. Magari ya watalii yanayotoka upande wa Sirari kwenda langoni hupita Bunda mchana kweupe. Ndani mna wageni, na mna pia maji yao ya kunywa, chakula chao na mahema yao. Watalala hotelini huko mbugani, walikolipia tangu kwao. Bunda inachopata ni upepo wa gari.

Kisha basi la abiria husimama, na wanashuka vijana wawili wa Kizungu, nguo zimefifia, shanta zimewazidi mabega. Wanauliza bei ya chapati, wanabishana na mwenye bodaboda kwa shilingi mia tano, wanakula ugali na samaki kwa mama lishe. Sisi tunacheka: Wazungu gani hawa hawana hela! Lakini hesabu inasema vingine. Mama lishe kapata, mwenye bodaboda kapata, mwenye gesti kapata. Huyu tunayemcheka ndiye aliyeiachia Bunda fedha zake.

Nao Wazungu hawakuzaliwa wakisafiri hivyo. Leo mwanafunzi wa Ulaya hutoka Paris akaenda Lyon, akaenda hadi Marseille, kwa mkate na jibini, akalala hosteli chumba kimoja na watu asiowajua. Yako mambo yaliyomwezesha. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa shule Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, mvua kubwa ya radi ikawalazimisha kujihifadhi katika jengo la shule. Usiku ule akawaza: shule hizi hufungwa wakati wa likizo, madarasa yako wazi, kwa nini vijana wasilale humo? Alianza na darasa la shule yake mwenyewe, na mwaka 1912 hosteli ikafunguliwa katika ngome ya Altena. Fikra hiyo ikaenea nchi nyingi, Ufaransa ikiwamo.

Huko Ufaransa serikali nayo iliongeza lake. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kumpa mfanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na mwaka huo huo ikaanzishwa tiketi ya treni ya likizo iliyopunguzwa nauli kwa asilimia 40. Wafanyakazi wa viwandani waliondoka kwa treni, wengine kwa baiskeli wakiwa na mahema, na wapo walioiona bahari kwa mara ya kwanza maishani.

Sisi likizo tunayo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na mtumishi wa umma ana utaratibu wake wa nauli ya likizo. Siku hizo huishia wapi? Huishia kwenye matofali ya nyumba isiyokwisha, kwenye shamba, na kwenye vikao vya ukoo. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba mkazi wa Dar es Salaam aweza kustaafu bila kuliona Ziwa Victoria, na nauli ya basi kufika huko siyo iliyomzuia.

Hebu tuone mwenye fedha kidogo atapata nini Mara kwa siku nne. Musoma mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu. Ziwa liko pande karibu zote, mawe makubwa yamekaa ufukweni kama yaliyopangwa. Pale Mwigobero utakuta mitumbwi, dagaa na kelele za soko, na chombo cha kukuvusha ghuba hadi Kinesi na kukurudisha jioni. Hakuna tiketi ya kuliangalia ziwa. Mjini humo humo iko Shule ya Msingi Mwisenge, ambako mwaka 1934 aliletwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, umri wake kama miaka 12, kuanza darasa la kwanza. Mtoto huyo ni Julius Nyerere, na kutoka Butiama hadi hapo ni kilomita 40 hivi. Ukizipita kwa basi, zipime kwa miguu ya mtoto.

Kwenda Butiama unashuka Makutano, unachukua gari dogo au bodaboda. Huko iko Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki, na huko Mwitongo ndiko alikozikwa tarehe 23 Oktoba. Mtu aliyesoma habari zake darasani, anapoviona vitu vyake kwa macho na kutazama mawe na miti ya nyumbani kwao, huelewa jambo ambalo kitabu hakikuweza kumweleza. Na ikumbukwe kwamba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu akiwa Rais alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Mwendo wa siku nyingi. Vijana nao mikoani walitembea mwaka huo kuliunga mkono Azimio. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba kutembea nchi kwa miguu ni desturi ya wageni.

Serengeti ni shida zaidi. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, lakini langoni huingii kwa miguu. Gari la kukodi ndilo linaloumeza mshahara. Hapo dawa ni watu kuchanga, wanane au kumi, gari moja.

Sasa twende kwenye kikwazo chenyewe, nacho ni kitanda. Zamani ulifikia kwa ndugu, na wazee wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi jembe hilo unapewa kabla hujavua viatu: sukari ya watoto, ada ya mpwa, mchango wa harusi. Ukijumlisha, kwa shemeji ni ghali kuliko hoteli. Na gesti zetu za bei nafuu mnazijua. Ziko zilizo safi na zenye heshima, lakini nyingi zimejengwa mgongoni mwa baa, muziki hadi alfajiri, wateja wengine ni wa saa moja tu. Baba gani atamruhusu binti yake mwanachuo akalale humo? Ndiyo maana msichana wa Kitanzania hasafiri na shanta, na huyo wa Kifaransa anasafiri.

Lakini mabweni tunayo. Kila shule inapofungwa, vitanda vya chuma hubaki vimepangwa, mlinzi yupo, kisima kipo, jiko lipo. Ninachopendekeza ni shule moja Musoma, moja Bunda na moja Butiama zifungue bweni moja la wasichana na moja la wavulana wakati wa likizo. Mgeni aje na kitambulisho na shuka zake, aandikwe kwenye daftari, alipe bei iliyobandikwa mlangoni, na fedha ziingie akaunti ya shule kwa stakabadhi.

Najua wakuu wa shule watasema nini. Watauliza godoro likichanika nani atalipa, na mgeni akilewa nani atajibu. Ni maswali ya haki. Godoro lilipiwe na ada ya kulala, mlevi aonyeshwe geti. Kamati za shule zimeshasimamia mambo mazito kuliko hayo. Ziko pia nyumba za wageni za makanisa ambazo zimekuwa zikilaza wasafiri kwa miaka mingi kwa kanuni za namna hiyo hiyo, na wakuu wa shule wanaweza kwenda kuuliza zinavyofanya.

Shule zitafungwa tena Juni. Halmashauri za Mara zinaweza kulijadili hili mapema, zikianza hata na bweni moja tu lenye vitanda ishirini.