Haki za Wanawake Bandarini na Baharini
Hotuba ya Kamati ya Wanawake katika mkutano wa wanachama, Mombasa



Hatukuja kulia wala kuomba huruma. Tumekuja na neno moja tu: haki ya mwanamke bandarini na melini imekwisha andikwa katika sheria. Iliyobaki ni kazi ya chama, kuitia katika mapatano yetu na waajiri na kuilinda kila siku.

Tazameni hesabu. Mwaka 2021 vyama vya wenye meli, BIMCO na ICS, vilikadiria kuwa mabaharia wa meli za biashara duniani ni kama 1,890,000. Wanawake kati yao walikuwa 24,059. Ndiyo kusema katika kila mabaharia 100, wanawake hawafiki hata wawili.

Je, ni woga? Sivyo. Sote twajua habari za Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli. Urubani wataka akili na macho, hautaki ndevu.

Kizuizi cha kwanza ni nafasi melini. Sheria ya mataifa yataka kijana anayefunzwa uofisa wa sitaha atumikie baharini miezi isiyopungua 12, ndipo apate cheti. Masomo ya darasani peke yake hayatoshi. Mwenzetu mmoja alizunguka katika ofisi za meli mpaka viatu vikaisha. Kila alipokwenda alijibiwa, "Hatuna chumba cha mwanamke." Wavulana wa darasa lake wamekwisha safiri, naye angali nyumbani na vitabu vyake.

Ndugu zetu, jibu hilo si jibu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wataka meli zinazoundwa ziwe na vyumba vya kulala vya wanawake mbali na vya wanaume, na vyoo na bafu vivyo hivyo. Basi chumba kikikosekana, msichana amekosa nini?

Pili, mavazi ya kazi. Tangu Desemba 2024 mkataba huo wataka vifaa vya kujikinga viwe vya kimo cha mvaaji. Mwanamke akipewa buti kubwa kupita mguu wake na koti la mtu mnene, atateleza ngazini. Na mwanamume mwembamba naye atateleza pale pale. Hili ni jambo la usalama wetu sote.

Tatu, kusumbuliwa. Nchi kavu mtu akisumbuliwa, jioni hurudi kwake. Melini, msumbuaji na msumbuliwa hula meza moja miezi mingi, na huenda msumbuaji ndiye mkubwa wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamlazimisha kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kutoa waraka wa kukataza usumbufu wa kimapenzi, baada ya kushauriana na wafanya kazi au wajumbe wao. Wajumbe ndio ninyi. Nendeni mkaulize: waraka wetu uko wapi? Na mwenye kushitaki, apeleke neno lake kwa nani asije akafukuzwa?

Nne, mshahara. Sheria hiyo hiyo yasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Hapa wako ndugu wanaonong'ona kwamba wanawake watawanyang'anya kazi. Nasi twawaambia: mwenye kuwashusha si mwanamke, bali ni mshahara mdogo anaopewa mwanamke. Mwajiri akipata mtu wa kumlipa nusu, kesho atakuambia na wewe upokee nusu, au uondoke. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa kama 15,000 waligoma kwa ajili ya mishahara. Watu wa bandari, wa reli na wa mahoteli walisimama pamoja, kwa maana kila mmoja peke yake asingesikiwa. Fundisho hilo halijachakaa.

Basi twaomba mkutano huu uamue mambo manne:

1. Katika mapatano yajayo chama kidai nafasi za mafunzo melini kwa wasichana kama kwa wavulana.
2. Kila gati, ghala na karakana iwe na choo cha wanawake chenye komeo, na mavazi ya kazi ya vimo vyote.
3. Waraka wa kukataza usumbufu ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, na mashitaka yapokewe pia na mjumbe mwanamke.
4. Wanawake wawe katika ujumbe wa chama unaokaa mezani na waajiri. Aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Hatuombi kazi nyepesi. Twaomba kazi ile ile, mshahara ule ule, na heshima ile ile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenyekiti atakapoita kura, inueni mikono, ninyi waume kwanza, ili waajiri wajue kwamba dai hili ni la chama kizima.

Umoja ni nguvu.