Mtaro Huu ni wa Nani?

(Haya niliyasema Jumapili iliyopita kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Wengi mliomba niyaweke kwa maandishi, nayaweka kama yalivyo.)

Poleni na mvua. Naona wengine mmekuja na viatu kwenye mfuko na kandambili miguuni. Karibuni sana, hivyo ndivyo tunavyotembea watu wa bondeni.

Mimi nimezaliwa Kigogo, hapa hapa Dar es Salaam. Kwetu ukiona mama anatafuta matofali ya kuinulia kitanda, ujue masika imeanza. Tofali mbili kila mguu ni mvua ya kawaida. Tofali nne, watoto wanapelekwa kwa shangazi yao Tabata.

Lakini leo sikuja kulalamikia mvua. Mvua ni ya Mungu. Nimekuja kuzungumzia kinachokuja na mvua. Wote hapa mnajua maana ya kutapisha choo. Mvua ikichanganya usiku, mtu anatoboa shimo la choo, anaachia kila kitu kiende na maji. Asubuhi kiko mlangoni kwa jirani wa chini. Tunamtukana, na kweli anakosea. Lakini jamani, gari la kunyonya haliingii uchochoroni kwake, na hata likiingia, bei yake inazidi kodi ya chumba chake. Bomba la majitaka halijafika kwake. Afanyeje? Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jiji hili hili kabla ya kusambaa mikoani. Kwa hiyo hili si suala la harufu tu.

Sasa sikilizeni kisa chetu. Masika iliyopita chemba ya kwenye kona yetu ilifumuka. Bomba lile linapita tu kwetu, nyumba zetu hazijaunganishwa nalo. Uchafu ni wa wenzetu wa juu, unatokea kwetu. Tukachagua watu watatu, tukaenda ofisini, na mimi nikiwemo.

Ofisi ya kwanza wakatuambia: chemba ni yetu, ila imezidiwa na maji ya mtaro ulioziba, nendeni kwa wenye mtaro. Tukapanda daladala. Ofisi ya pili: mtaro umeziba kwa takataka, na taka hazituhusu. Tukapanda daladala nyingine. Ofisi ya tatu: taka mnatupa wenyewe, halafu kwanza nyie mko bondeni, si mliambiwa mhame?

Tukarudi jioni, nauli imeisha. Maji yalikuwa yameshaingia chumbani kwa mama mmoja anayeuza maandazi. Unga wote umelowa. Siku ya tatu mwanawe akaanza kuharisha, akalazwa siku mbili. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, ila mtaji wa maandazi ulikwenda wote kwenye dripu. Mpaka leo yule mama anauza maandazi ya kukopeshwa na mwenzake.

Nataka tulijibu hilo neno la "mko bondeni", maana kila tukidai haki tunapigwa nalo.

Ni kweli, kingo za mto ni hatari. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikapigwa alama ya X, zikavunjwa. Sitamwambia mtu yeyote hapa ajenge tena pale ili kuikomoa serikali. Huko ni kucheza na roho za watu.

Lakini karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani, kwenye bonde lile lile. Nayo imefurika zaidi ya mara moja. Mama muuza maandazi hakuwa na mhandisi wa kumshauri. Waliojenga karakana walikuwa nao.

Na Msimbazi hauanzi Kigogo, unaanzia vilima vya Pugu. Huko juu miti ikikatwa, nyumba zikiongezeka, mabati na sakafu za zege zikitapakaa, maji hayapati pa kuzama. Yanashuka haraka na mchanga na taka, yanatukuta sisi. Kwa hiyo ukimhamisha mtu wa bondeni ukaacha mitaro ya juu imeziba, umemhamisha mtu tu, maji hujayahamisha.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Tusiupinge kwa sababu tu umeletwa na serikali ya chama kingine. Mkopo huo tutaulipa sisi na watoto wetu, kwa hiyo ni wetu kuusimamia. Ila daraja kubwa la Jangwani halitazibua mtaro wa nyuma ya nyumba yetu. Huo unataka mtu na koleo, na bajeti, na tarehe.

Na sisi je? Nisemeni ukweli? Mafuriko yaliyopita tulikuja na buti, tukapiga picha, tukaposti. Maji yalipokauka tukapotea. Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, kwani nyie mnakuja na maji?" Sikuwa na jibu. Nikaangalia chini.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu.

Kwanza, kila tawi liandike orodha ya mitaro, makalavati na chemba za mtaa wake, na picha zenye tarehe. Ifanyike kiangazi, si maji yakiwa kiunoni.

Pili, tuandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Tuulize: mtaro huu ni wa nani? Fedha za kuusafisha ni kiasi gani? Mkandarasi ni nani, na anakuja lini? Hakikisheni nakala yenu inapigwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, mkutano wa mtaa tuhudhurie wote, hata kama mwenyekiti si wa chama chetu. Tukizibua mtaro kwa mikono yetu, tope tusiliache pembeni, mvua moja linarudi ndani. Na siku hiyo fulana za chama tuziache nyumbani, ili jirani wa chama kingine naye ashike koleo bila kuona aibu.

Barua ya kwanza nimeshaipeleka. Ina muhuri, nakala iko mfukoni mwangu hapa. Nahesabu siku. Ya thelathini ikifika bila jibu, nitarudi pale pale, na sitaki kwenda na watu watatu tena. Nataka twende mtaa mzima, na yule mama awe mbele.