Kudai Mshahara Pasipo Mkataba wa Maandishi

Mada kwa wasaidizi wa kisheria na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi



Mtu akija kwetu kulalamika kwamba hajalipwa mshahara, swali linalomkuta mlangoni ni lile lile: "Mkataba wako uko wapi?" Akijibu kwamba hakupewa, tunaguna, tunatazamana, naye anaondoka akiamini hana chake. Naomba leo tuliache swali hilo. Kwa sheria ya Tanzania Bara, kukosekana kwa mkataba wa maandishi ni tatizo la mwajiri. Kinachompotezea mfanyakazi haki yake ni siku zinazokwenda huku akiambiwa avute subira. Kwa hiyo tuanze kwa kumuuliza: "Ulipaswa kulipwa tarehe ngapi?"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: ni kazi gani, ameanza lini, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Kuandaa karatasi hiyo ni wajibu wa mwajiri, wala mfanyakazi haadhibiwi kwa kutokuwa nayo. Kifungu cha 15(6) kinakwenda mbali zaidi. Shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mhudumu wa hoteli akisema walikubaliana shilingi 400,000 kwa mwezi, na mwajiri akasema ni 300,000, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kauli yake. Na makubaliano yawe yoyote yale, mshahara hauwezi kushuka chini ya kima cha chini kilichowekwa na Amri ya Mishahara kwa sekta hiyo.

Mwajiri mjanja hatabishana juu ya kiasi. Atasema, "Huyu simfahamu, alikuwa kibarua tu." Hapa ndipo tunapoihitaji sheria ya pili, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo wa 2004. Kifungu cha 61 kinataja dalili ambazo, hata moja ikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Je, kuna anayempangia namna ya kufanya kazi, au saa za kuingia na kutoka? Je, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Je, anapewa vifaa vya kazi? Je, riziki yake inamtegemea mtu anayemfanyia kazi? Mlinzi anayekesha getini kila siku anazifikisha saa 45 kabla wiki haijaisha. Saidia fundi anayeambiwa afike saa 1 asubuhi na kukabidhiwa koleo la mtu mwingine ana dalili mbili mkononi. Neno "kibarua" halimwondolei mtu ujira wa jasho lake, nasi tusilitumie kana kwamba linamwondolea.

Ushahidi uliomo mfukoni

Wafanyakazi wengi wana ushahidi wasioujua kuwa ni ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kwamba kila mwisho wa mwezi nambari ya msimamizi ilituma fedha ni rekodi ya mshahara. Sauti ya WhatsApp ya bosi akisema "kesho uwahi, wageni wanaingia" inaonyesha nani anampangia nani kazi. Kuna sare, kitambulisho, picha za kazini, kitabu cha mahudhurio, taarifa ya michango ya NSSF, na wenzake waliokula naye chakula cha mchana miezi yote hiyo. Mwambieni asifute ujumbe wowote na asiuze simu. Nakala zihifadhiwe kwa mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Jambo linaloonekana dogo lakini limeharibu madai mengi ni jina la mwajiri. Mfanyakazi anamjua bosi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au anaijua hoteli kwa bango la barabarani, wakati mmiliki kisheria ni kampuni yenye jina jingine kabisa. Tuzo, yaani uamuzi wa mgogoro, iliyoandikwa kwa jina lisilo sahihi inaweza kushindwa kutekelezwa. Tazameni leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, au risiti ya mashine ya EFD, ambayo huwa na jina la mfanyabiashara na nambari yake ya mlipa kodi. Kama ni kampuni, wakala wa usajili, BRELA, wanaweza kuthibitisha usajili. Kwenye ujenzi ulizeni mapema: aliyekuwa akitoa fedha ni fundi mkuu au mkandarasi?

Siku 60

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoumia zaidi. Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30. Madai mengine, yakiwemo ya mishahara, yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Sasa fuateni safari ya kawaida ya mlalamikaji. Mwezi wa kwanza bosi anasema fedha za mteja hazijaingia. Wa pili anatoa nusu, au elfu ishirini ya nauli, na ahadi ya Ijumaa. Baadaye mtu huyu anakwenda kwa mjumbe, kwa mtendaji wa mtaa, kituo cha polisi, pengine ofisi ya mkuu wa wilaya. Kila mahali anasikilizwa kwa upole na kuandikiwa barua ya kumpeleka kwingine. Akija kutufikia, muda umekwisha. Mazungumzo ya pembeni na ahadi za bosi hazisimamishi muda huo.

Tume inaweza kuongeza muda kwa sababu za msingi, lakini maombi hayo ni kazi nyingine yenye fomu yake na kiapo chake, na mahakama zetu zimeshikilia kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. "Nilikuwa namsubiri bosi" ni maelezo dhaifu. Kwa hiyo mshahara wa mwezi mmoja ukipita bila kulipwa, barua ya madai iandikwe: miezi ipi, kiasi gani, kilipaswa kulipwa lini, na siku ya mwisho ya kujibu. Iwe fupi na ya heshima. Mwajiri akikaa kimya, Fomu Na. 1 ya CMA ijazwe, nakala imfikie mwajiri, na uthibitisho wa kuipokea uambatanishwe. Tume haitozi ada ya kufungua mgogoro.

Mkono wetu unatakiwa pia kumzuia mtu asijiumize. Asiache kwenda kazini kwa hasira, kwani kutoonekana kwa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa kunaweza kugeuzwa kuwa kosa lake la utoro. Asichukue pikipiki au mashine ya mwajiri kama dhamana. Deni la mshahara litageuka kesi ya wizi. Asisaini karatasi inayosema amelipwa stahiki zote eti ili apate nusu yake. Anayeogopa kufukuzwa kwa sababu amedai aelezwe kwamba kutumia haki yake ya kisheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mahali ambapo wengi hawajalipwa kwa pamoja, Afisa Kazi ana mamlaka ya kukagua na kumpa mwajiri amri ya utekelezaji, na vyama vya wafanyakazi kama TUICO au CHODAWU viitwe pale vinapohusika.

Kwenye usuluhishi, ambao kwa kawaida hupewa siku 30, mwajiri asipohudhuria msuluhishi anaweza kuamua madai. Mlalamikaji asipohudhuria, madai yake yanaweza kutupwa, hivyo nauli ya siku hiyo itafutwe mapema, hata kwa mchango wa tawi. Mwajiri akija, mara nyingi atasema hali ya biashara ni mbaya. Wakati mwingine ni kweli, na malipo kwa awamu ni njia ya busara. Kupunguza deni ni habari nyingine. Mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa ni deni kama deni lolote, na sioni kwa nini aliyelala njaa ndiye aombwe kusamehe. Makubaliano ya awamu yataje kila tarehe, kila kiasi, nambari ya akaunti au simu, na kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake hutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Napendekeza kila tawi lifungue daftari la madai lenye safu tatu: tarehe mshahara ulipopaswa kulipwa, tarehe siku 60 zinapotimia, na jina la msaidizi atakayefuatilia. Tukubaliane hapa ni nani atakayelikagua kila Jumatatu.